GEE, athari thabiti au modeli ya ngazi nyingi? Kuchagua njia ya kuchambua tabia za afya zinazobadilika

Mtafiti anayerudi kwa watu wale wale mara sita kuuliza kama walilala ndani ya chandarua ana kitu ambacho mtafiti wa ziara moja hana: anamwona mtu akibadilika. Faida hiyo hupotea siku ya uchambuzi, pale inapochaguliwa njia isiyojibu swali lililompeleka kijijini. Katika tasnifu za afya ya jamii ninazosoma hapa Uganda, njia ya takwimu mara nyingi imechaguliwa kwa sababu msimamizi aliizoea, au kwa sababu programu ilitoa majibu bila kulalamika. Wanafunzi hawa wamepita mvua na matope kupata majibu hayo, na watu waliowafungulia milango yao wamewapa muda wao. Wote wanastahili uchambuzi ulio bora zaidi.

Njia tatu ndizo zinazostahili kupimwa: GEE (generalized estimating equations), inayolinganisha wastani wa jamii; athari thabiti (fixed effects), inayomlinganisha mtu na nafsi yake; na modeli ya ngazi nyingi (multilevel model), inayompa kila mtu na kila kijiji kiwango chake. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa data nyingi za tabia ya afya zinazokusanywa nchini, modeli ya ngazi nyingi ndiyo ya kuanzia, ila kwa sharti moja nitakalolieleza chini. Sharti hilo likikosekana, ni afadhali uchukue mojawapo ya hizo nyingine mbili.

Data ya kulinganishia

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 1,200 katika vijiji 40 vya wilaya ya Tororo, 30 kila kijiji, wanatembelewa kila baada ya miezi miwili kwa mwaka mmoja. Swali ni moja: je, jana usiku ulilala ndani ya chandarua? Katika vijiji 20, VHT (wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji) wamepita nyumba kwa nyumba kufundisha namna ya kutundika chandarua na kukitunza. Katika 20 vingine bado. Nimeichagua Tororo kwa sababu malaria yake imefuatiliwa kwa karibu: Nagongera ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Walukuba kule Jinja na Kihihi kule Kanungu, ambako kaya zilianza kufuatiliwa mwaka 2011, na upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulianza wilayani humo mwishoni mwa 2014.

Data hii ina ngazi tatu. Ziara zimo ndani ya mtu, na mtu yumo ndani ya kijiji. Kama wote wangepatikana kila mara tungekuwa na safu 7,200, lakini hawapatikani wote.

Mbili za kuweka kando

Usizichukue safu 7,200 kana kwamba ni watu 7,200. Mama aliyelala ndani ya chandarua Januari ana uwezekano mkubwa wa kulala humo Machi, kwa hiyo jibu lake la pili halileti habari mpya kamili. Ukipuuza hilo, kosa sanifu (kipimo cha shaka iliyomo katika kadirio) la mambo yasiyobadilika, kama jinsia au mafunzo ya kijiji, linakuwa dogo mno, na utatangaza athari ambayo haipo. Kwa mambo yanayobadilika ndani ya mtu, kosa linaweza kuelekea upande wa pili na kukuficha athari iliyopo.

ANOVA ya vipimo vinavyorudiwa, njia ya zamani ya kulinganisha wastani wa ziara, nayo haifai hapa. Inataka kila mtu awepo katika kila ziara. Aliyekosa ziara moja huondolewa na ziara zake zote. Tena jibu letu ni ndiyo au hapana, ilhali njia hiyo imejengwa kwa namba kama uzito au shinikizo la damu.

GEE na modeli ya ngazi nyingi

Modeli za athari nasibu, ambazo ndizo msingi wa modeli ya ngazi nyingi, kwa data za muda zilipata umbo lake tunalolijua kutoka kwa Laird na Ware mwaka 1982. GEE ilitoka kwa Liang na Zeger mwaka 1986. Zote mbili zinatumika hadi leo kwa sababu zinajibu maswali tofauti.

GEE inauliza kuhusu jamii: katika vijiji vilivyofundishwa, sehemu ya watu wanaolala ndani ya chandarua inatofautianaje na ile ya vijiji visivyofundishwa? Kufanana kwa majibu ya mtu mmoja inakuchukulia kama jambo la kurekebisha kwenye kosa sanifu, kisha inaendelea. Modeli ya ngazi nyingi inampa kila mtu, na kila kijiji, kiwango chake cha kuanzia, na inapima viwango hivyo vimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Inauliza kuhusu mtu: huyu, pamoja na mazoea yake tusiyoyaona, uwezekano wake unabadilikaje kijiji chake kikifundishwa?

Majibu ya maswali hayo mawili hayalingani hata pale modeli zote zilipo sahihi, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Tuseme mtawanyiko (variance) kati ya watu ni 4 na kati ya vijiji ni 0.5 kwenye kipimo cha logiti, yaani logi ya odi (uwezekano wa ndiyo ukigawanywa kwa ule wa hapana), na modeli ya ngazi nyingi imetoa uwiano wa odi wa 3. Kupata uwiano wa jamii kwa makadirio, unachukua logi asilia ya 3, ambayo ni 1.10, unaigawa kwa kipeuo cha pili cha 1 + 0.346 × 4.5, yaani 1.60 (0.346 ni namba ya kudumu ya makadirio haya, na 4.5 ni mitawanyiko miwili kwa pamoja). Inabaki 0.69, ambayo ni uwiano wa odi wa karibu 2. Mwanafunzi akikuta 3 katika ripoti moja na 2 katika nyingine huanza kutafuta tofauti ya wilaya, ya mwaka, ya ubora wa mafunzo, kumbe huenda mafunzo ni yale yale na watu ni wale wale. Kadiri watu wanavyotofautiana, ndivyo namba hizo mbili zinavyoachana.

Anayepanga mafunzo ya wilaya nzima anahitaji ile 2, maana anashughulika na jamii. VHT anayekaa sebuleni na mtu mmoja anahitaji ile 3. Ila kuna jambo linalonivuta upande wa ngazi nyingi: kutoka kwayo unaweza kupata jibu la jamii, kwa kukokotoa uwezekano wa kila mtu kisha kutafuta wastani. Kutoka GEE huwezi kumfikia mtu.

La pili ni wanaopotea njiani. Fikiria kijana wa Malaba, mji wa mpakani na Kenya, anayefanya kazi na malori. Amejibu hapana mara mbili, kisha hakuonekana tena. GEE ya kawaida inadai kwamba kutoweka kwake hakuhusiani na majibu yake. Modeli ya ngazi nyingi, ikikadiriwa kwa njia ya uwezekano wa juu kabisa wa data (maximum likelihood), inavumilia kutoweka kunakotegemea yale aliyokwisha kuyajibu, mradi modeli yenyewe imejengwa vizuri. GEE ina dawa yake, ya kuwapa waliobaki uzito kulingana na uwezekano wao wa kubaki, lakini itakubidi ujenge modeli nyingine kamili ya kupotea. Na kama watu wanapotea kwa sababu ya kitu ambacho hukukipima kabisa, hakuna njia kati ya hizi itakayokuokoa. Hapo kinachosaidia ni mhojaji kuandika kila mara kwa nini mtu hakupatikana.

La tatu linahusu hesabu ya makundi. Katika GEE kundi linalohesabiwa ni lile la nje kabisa, yaani vijiji 40, wala si watu 1,200. Kosa sanifu lake linategemea makundi kuwa mengi. Yakipungua chini ya 40 hivi, linaanza kuwa dogo kuliko ukweli, na unahitaji marekebisho kama yale ya Mancl na DeRouen ya mwaka 2001. Jaribio kubwa la vyandarua vyenye PBO (kemikali inayoongeza nguvu ya dawa ya mbu) lililoanza Uganda mwaka 2017 lilikuwa na wilaya ndogo za afya 104 katika wilaya 48. Kwa wingi huo GEE haina shida. Tasnifu yenye vijiji 12 ina shida kubwa. Modeli ya ngazi nyingi nayo hutaabika vijiji vikiwa vichache, hasa katika kukadiria mtawanyiko kati yao. Kwa matokeo ya namba kuna marekebisho ya Kenward na Roger kwa sampuli ndogo. Kwa matokeo ya ndiyo au hapana, njia ya Bayes, inayochanganya data na makisio uliyoyaweka kabla, ikiwa na makisio ya kiasi huokoa mengi.

GEE nayo ina haki yake. Hata ukikosea kukisia namna majibu ya mtu yanavyohusiana, kadirio lake la wastani linabaki salama mradi umeandika vizuri sehemu ya wastani. Modeli ya ngazi nyingi haina usalama huo wa bure. Tena kuikadiria kwa matokeo ya ndiyo au hapana ni kazi nzito ya hesabu. Kwa mtu mwenye ziara sita tu na mtawanyiko mkubwa kati ya watu, makadirio ya Laplace, njia ya mkato ya hesabu ambayo kifurushi cha lme4 cha programu ya R huitumia bila kuagizwa, huelekea kupunguza mtawanyiko huo. Programu ya Stata huanza na pointi saba za ujumlishaji, zinazokaribia ukweli zaidi. Ukiwa na R pekee, ambayo haina gharama na ndiyo iliyo mikononi mwa wanafunzi wengi, linganisha na matokeo ya Bayes kabla ya kuandika sura ya nne.

Athari thabiti: mtu dhidi ya nafsi yake

Njia hii haimlinganishi mtu na jirani yake hata kidogo. Inamlinganisha na yeye mwenyewe, ziara kwa ziara. Kila kisichobadilika ndani yake, kiwe kimepimwa au hakikupimwa, kinaondoka kwenye hesabu: elimu, dini, alivyolelewa, umbali wa nyumba kutoka kinamasi. Kwa anayetafuta chanzo na hana jaribio, huo ni msaada mkubwa sana.

Gharama yake ni kubwa pia. Huwezi kupima athari ya jinsia, wala ya mafunzo kama kijiji kilikuwa nayo tangu ziara ya kwanza. Na kwa matokeo ya ndiyo au hapana, kila aliyejibu ndiyo mara zote sita au hapana mara zote sita anatoka nje ya uchambuzi, kwa sababu hana badiliko la kulinganisha. Katika tabia iliyoshika mizizi, hao wanaweza kuwa wengi, na waliobaki ni watu wa kigeugeu ambao hawaiwakilishi Tororo. Jibu linakuwa safi lakini ni la kundi dogo.

Hata hivyo, athari thabiti inatufunza jambo ambalo watumiaji wa ngazi nyingi hulisahau, na ndilo sharti nililolitaja. Chukua kulala ugenini: matanga, safari za biashara, kumuuguza ndugu hospitalini. Tuseme katika kila ziara tumeuliza, katika siku saba zilizopita ulilala nje ya nyumba yako usiku wa siku ngapi? Ndani ya mtu mmoja, wiki ya matanga ni wiki ya kulala chini ya mwembe bila chandarua, na hata akirudi nyumbani huenda hakitundiki mara moja. Uhusiano ni hasi. Kati ya watu mambo yanaweza kugeuka: wanaosafiri mara nyingi ni wafanyabiashara wa mpakani, wenye kipato, wenye vyandarua vizima na vitanda vya kuvitundikia. Uhusiano ni chanya. Modeli ya ngazi nyingi ikipewa safu hiyo moja ya usiku wa ugenini itachanganya mielekeo hiyo miwili na kutoa namba iliyo karibu na sifuri, na mwanafunzi ataandika kwamba kulala ugenini hakuhusiani na matumizi ya chandarua. Hapo ameukosa ujumbe wenye faida kuliko yote katika data yake, kwamba watu wanahitaji chandarua cha kubeba wanapokwenda matanga.

Dawa imekuwepo tangu makala ya Mundlak ya mwaka 1978. Kwa kila mtu kokotoa wastani wake wa ziara zote, kisha tengeneza safu mbili: wastani huo, na tofauti ya kila ziara na wastani huo. Ziingize zote mbili. Safu ya tofauti itakupa athari ya ndani ya mtu. Katika modeli za mstari ni ile ile ambayo athari thabiti ingekupa, na katika logiti iko karibu nayo. Safu ya wastani itakupa tofauti kati ya watu. Jinsia na mafunzo ya kijiji vinabaki mahali pake, na wale waliojibu namna moja mara zote sita hawatupwi. Kwa kazi ya dakika kumi unapata karibu kila kizuri cha njia zote mbili. Sielewi kwa nini somo hili haliwekwi katika wiki ya kwanza ya mafunzo ya modeli hizi.

Kwa hiyo, kama hutatenganisha ndani na kati, usitumie ngazi nyingi kwa jambo linalobadilika ndani ya mtu. Nenda athari thabiti moja kwa moja.

Kasi ya kijiji

Kuna swali ambalo modeli ya ngazi nyingi pekee kati ya hizi tatu hulijibu: je, vijiji vinaacha chandarua kwa kasi zinazotofautiana? Hapa unaruhusu kila kijiji kiwe na mteremko wake wa muda, pamoja na kiwango chake cha kuanzia. Unaweza kukuta wastani wa wilaya haujasogea kabisa, ilhali vijiji kumi vinapanda na kumi vinashuka. Afisa wa afya wa wilaya akiona hivyo anajua pa kwenda Jumatatu asubuhi. Na ukitaka kujua kama mafunzo ya VHT yamepunguza kasi ya kuacha, mteremko huo wa kijiji lazima uwemo. Ukiuacha, kosa sanifu la athari ya mafunzo juu ya muda litakuwa dogo kuliko linavyostahili. Kwa ziara sita na majibu ya ndiyo au hapana, mteremko wa kila mtu mara nyingi hauwezi kukadirika, na programu itakuonya. Uondoe huo. Wa kijiji ubaki.

Watu wanaohama ni jambo jingine. Utafiti wa Rakai, unaofuatilia wakazi wa miaka 15 hadi 49 tangu 1994, unahusisha pia wavuvi wa sehemu kama Kasensero, ambao huhamia mwalo mwingine samaki wakihama. Mtu aliyekuwa kijiji kimoja ziara ya kwanza na kingine ziara ya nne hayumo ndani ya kijiji kimoja. Modeli ya ngazi nyingi inaweza kuandikwa ili mtu na kijiji vikatizane badala ya kimoja kuwa ndani ya kingine. Kwa GEE hilo ni gumu.

Muda wenyewe

Haijalishi umechagua ipi, mstari mnyoofu wa muda utakudanganya. Sehemu kubwa ya Uganda ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Karamoja ina mmoja mrefu. Ukianza Januari kwenye kiangazi, usiku wa joto na mbu wachache, ukamaliza Novemba kwenye mvua, utaona ongezeko na kulisifia mafunzo. Weka msimu, au mvua ya wiki zilizotangulia, kama jambo la peke yake. Na kama ugawaji wa vyandarua wa taifa, kama ule wa 2013–14 au 2017–18, umeangukia katikati ya ziara zako, gawanya muda vipande viwili, kabla na baada, kwa sababu mstari utaruka pale.

Data ikiwa ya kila siku mambo hubadilika tena. Huko Mbarara watafiti wametumia vikasha vya dawa za ARV vinavyorekodi kila vinapofunguliwa, na mtu mmoja anakuwa na mamia ya safu. Hapo jana inafanana na leo kuliko inavyofanana na mwezi uliopita, na kiwango cha kuanzia cha mtu peke yake hakitoshi kueleza mfanano huo. Modeli yako lazima iseme kwamba uhusiano unapungua kadiri siku zinavyoachana.

Uamuzi

Ukiwa na jaribio lenye makundi mengi, watu wachache wamepotea, na swali ni la sera ya wilaya au taifa, chukua GEE. Itakupa namba anayoitaka msomaji wako na haitakusumbua.

Ukitafuta chanzo, huna jaribio, jambo lako linabadilika ndani ya mtu na watu wengi wamebadilisha tabia angalau mara moja, athari thabiti inatosha, hasa kama unaogopa mambo ambayo hukuyapima.

Kwingine kote, yaani watu wanaopotea, vijiji vinavyotofautiana, maswali ya mtu na ya kijiji kwa pamoja, chukua modeli ya ngazi nyingi yenye safu mbili za ndani na kati. Katika jedwali la matokeo onyesha mtawanyiko wa kila ngazi. Wengi huuacha, ilhali ndio unaosema tabia inakaa wapi. Kwa mfano wetu, jumla ni 4 + 0.5 + 3.29, ambapo 3.29 ni mtawanyiko wa kudumu wa logiti. Kijiji kina 0.5 kati ya 7.79, kama asilimia 6. Mtu ana zaidi ya nusu. Namba hizo zinamwambia mpangaji kwamba mkutano wa kijiji kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) peke yake hautasogeza mengi, na kwamba VHT anayepita nyumba kwa nyumba ana nafasi kubwa zaidi.

Na kama bado hujaingia kijijini, una nafasi ya kurekebisha kitu ambacho hakuna programu itakayokirekebisha baadaye. Kwa watu 1,200 wale wale, na mfanano wa ndani ya kijiji (uhusiano wa majibu ya watu wa kijiji kimoja) wa 0.05 katika ziara moja, vijiji 20 vya watu 60 vinakupa habari sawa na watu 304 waliochaguliwa kila mmoja peke yake. Vijiji 40 vya watu 30 vinakupa 490. Vijiji 80 vya watu 15 vinakupa 706. Nauli ya boda boda itapanda, na msimamizi atauliza kwa nini. Mwonyeshe hesabu hiyo: moja, jumlisha watu wa kijiji kimoja wakipunguzwa mmoja, mara 0.05, kisha gawa 1,200 kwa jibu.